Koch ni moto, lakini hiyo "pakeji ya homoni" muangalie vizuri

Nimemaliza wiki nane juzi kwa jimu moja iko upande wa Ngong Road, jina sitaji ju sitaki maneno na watu. Pakeji ilikuwa 12,000, unafanya mazoezi mara tatu kwa wiki na unapimwa kotisoli, homoni moja ya stress, mara mbili, yaani unatema mate kwa kachupa kadogo wanapeleka maabara. Wanaiuza ati itakushushia homoni za stress.

Koch wa asubuhi hana mchezo. Siku ya kwanza aliniweka kwa tredmili spidi ya 10, dakika ya sita nikawa nahema ka hoka amekimbizwa na kanjo, saa ya mkono inasoma moyo 178. Hakunicheka, aliniambia tu "pole pole dadangu, mwili wako unadhani kuna simba nyuma". Wiki ya nane, spidi ni ileile 10, moyo 154, na nikapata pumzi ya kupiga story na mama wa mashine ya kando kuhusu bei ya nyanya. Hapo sina swali, pesa yangu niliiona.

Shida ni vipimo. Mara ya kwanza nilitema mate saa moja asubuhi. Mara ya pili wakanishow nikuje saa kumi na moja jioni ju asubuhi kumejaa. Majibu yakarudi kotisoli imeshuka zaidi ya nusu, makofi, nikapigwa picha nimeshika karatasi, nikatoka nimefurahi mpaka nikafika stage ndio nikajiuliza, hebu ngoja. Kotisoli hupanda yenyewe asubuhi, kilele ni ka nusu saa hivi baada ya kuamka, halafu inateremka mchana kutwa mpaka karibu saa sita usiku ndio iko chini kabisa. Hata ningekaa hizo wiki nane kwa kochi ya nyumbani nikila chipsi bado ya jioni ingekuwa chini!

Na bado. Walinitemesha mate nikishuka tu kwa mashine, jasho halijakauka. Adrenalini, ile homoni ingine ya stress, ndio ya haraka, inakuja na kuisha kwa dakika chache. Kotisoli inazunguka, ubongo unaambia tezi ya pituitari, pituitari inamwaga ACTH, homoni ya kupeleka ujumbe, kwa damu, hiyo ifike kwa tezi zimekaa juu ya figo ndio zianze kutoa, kwa hivyo kwa mate utaiona vizuri ukingoja dakika kumi, ishirini, hata zaidi. Alafu nilikuwa nimetoka kunywa chai ya maziwa hapo nje kwa kibanda na hiyo inaweza kuharibu kipimo cha mate, lakini hakuna mtu aliniuliza nimekula nini.

Kinachoniuma ni vile hawakuhitaji hizi hesabu za jioni. Mazoezi kweli hubadilisha mambo, ile spidi ya 10 ilikuwa karibu mwisho wangu na sasa ni ya katikati, so mwili hauoni haja ya kupiga kamsa. Lakini ukiongezewa spidi mpaka uheme vile ulikuwa unahema siku ya kwanza, homoni zinapanda tena vilevile, kuna utafiti ulitoka kwa jarida la madaktari, New England Journal of Medicine, 1987 ulionyesha hivyo, wakimbiaji na wasiokimbia. Na mwanariadha aliyezoea, akienda mwisho wake kabisa, anaweza kutoa adrenalini kukushinda wewe na mimi. Si ugonjwa huo, hizo homoni ndio zinaambia ini litoe sukari miguu ipate kitu. Sasa unanishushia ya nini?

Nilirudi nikaomba nipimwe tena saa moja asubuhi, angalau tulinganishe na ile ya kwanza. Dada wa risepsheni, "pole madam, pakeji iliisha, kupima ni 3,500." Nikalipia mwezi mwingine wa koch pekee, ya mate nikawaachia. Shawa ya moto mwisho ni saa mbili asubuhi, ukichelewa utaoga baridi.