Cleoniceras ya Madagaska: Kagua Kabla Hujatoa Pesa

Watazamaji, hamjambo. Leo mezani hapa Malindi tuna jozi ya Cleoniceras, amonaiti wa Madagaska, yaani mnyama wa baharini wa kale aliyegeuka jiwe, aliyepasuliwa kwa msumeno akawa vipande viwili. Ni jamaa ya pweza, ngisi na dome, ila huyu alikuwa na kombe la kujiviringa. Jiwe lina miaka kama milioni 110.

Tazameni ndani. Kuta hizi nyembamba ni viambaza vya vyumba vyake. Mwenyewe alikaa chumba cha mwisho, kile cha nje. Vingine vilikuwa na hewa ya kumwelesha. Alipokufa, maji yenye madini yakapenya, vyumba vikajaa madini ya kalsaiti, ndiyo hii rangi ya asali. Chumba chenye uwazi na fuwele ndani si kasoro. Kwangu ndicho kizuri zaidi.

Sasa ukaguzi. Weka vipande ubavu kwa ubavu, nyuso zilizokatwa zikikutazama. Kimoja kizunguke kama akrabu ya saa, cha pili kinyume chake. Vikizunguka upande mmoja, hiyo si jozi, hata muuzaji aapeje. Msitegemee vilingane kabisa, kwa sababu msumeno umekula milimita kadhaa katikati. Halafu shika: jiwe ni zito na baridi, plastiki ni nyepesi. Chukua lenzi uchunguze mzunguko wa nje, maana hapo ndipo huvunjika na kuzibwa kwa gundi. Ukiona viputo vya hewa, hiyo ni gundi. Kuzibwa kidogo ni kawaida, lakini bei ishuke.

Tone la siki mgongoni litatoa povu kwenye kalsaiti. Usoni usithubutu! Asidi hula mng'aro, kwa hiyo ndimu nayo isiguse. Na vumbi la mchanga wetu ni gumu kuliko kalsaiti; ukipangusa kwa kitambaa kikavu unachora mikwaruzo. Suuza kwanza kwa maji matamu, kisha kausha.

Vile visukuku vidogo vya amonaiti vya rangi ya dhahabu, vya pairaiti (madini ya chuma na salfa), kwa hapa pwani sivipendekezi. Unyevu na hewa huvigeuza unga wenye asidi, na unga huo hula hadi kikaratasi cha jina. Ukishanunua, tia kwenye chupa ya kufunga barabara pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe vikilowa.

Cleoniceras yenyewe haina shida hiyo. Rafuni inakaa, mradi isiwe karibu na achari.