Skana ya nyumbani kwa picha za zamani, slaidi na negativu: ipi ununue

Kabla hujauliza bei ya skana yoyote, fungua kabati utoe kila kitu mezani: albamu, bahasha za studio, maboksi ya viatu, hata zile picha zilizo kwenye fremu sebuleni. Kisha tenganisha. Picha za karatasi upande mmoja, vipande vya negativu upande mwingine, slaidi, yaani zile picha za filamu za kuangazwa ukutani, na fremu zake za plastiki au kadibodi upande wake. Jibu la skana gani ununue liko hapo mezani.

Nasema hivi kwa sababu ni rahisi sana kununua skana ya filamu, ya bei, halafu ukagundua nyumbani hamna filamu ya kuskani. Picha nyingi za wazee wetu zilipigwa studio. Mtu alivaa akapendeza, akaenda Capital Art Studio pale Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1930, au kwa Parekh wa Mombasa, au kwa mpiga picha wa mtaani kwake, akalipa, akarudi baadaye kuchukua nakala. Negativu mara nyingi ilibaki studio, familia ikabaki na karatasi. Negativu zilikuja kuingia majumbani kwa wingi pale kamera ndogo za milimita 35 zilipopatikana, na duka la kusafisha picha likawa linakurudishia picha pamoja na vile vipande vya rangi ya kahawia ndani ya bahasha. Slaidi ni adimu zaidi. Utazikuta kwa waliosoma au kufanya kazi nje, na kwenye nyumba za misheni.

Kwa hiyo nimezipanga skana hizi kwa kufuata kile ambacho familia nyingi za kwetu wanacho. Mtu wa nchi nyingine angezipanga vingine.

Ile namba kubwa kwenye boksi

Kila boksi la skana lina namba ya nukta kwa inchi, ile dpi: 2400, 4800, 6400, 7200. Muuzaji ataisoma kwa sauti. Usiipe uzito anaoupa yeye.

Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ukiiskani kwa dpi 600 inakupa pikseli kama 3,540 kwa 2,360, yaani zaidi ya milioni 8. Inatosha kuichapa upya kwa ukubwa maradufu bila kuharibika. Ukipandisha hadi 2400, faili linakuwa kubwa mara kumi na sita, lakini uso wa bibi hauongezeki hata unywele mmoja, maana karatasi yenyewe haina zaidi ya hapo. Unachoongeza ni chembe za karatasi na vumbi. Isipokuwa picha ndogo za pasipoti na kitambulisho: hizo nenda 1200, kwa sababu utataka kuzikuza.

Filamu ni jambo jingine. Fremu moja ya milimita 35 ina upana wa milimita 36 tu, na kila kitu kimebanwa humo. Hapo nukta nyingi zina kazi, ila ziwe za kweli. Skana ya kioo, ile unayolaza picha juu ya kioo chake, ikitangaza 6400 haikupi 6400. Epson V600 ikipimwa kwa kadi ya majaribio hutoa maelezo halisi ya dpi 1,500 na kidogo. Plustek inayotangaza 7200 hutoa takribani nusu yake. Kinachopunguza ni lenzi na mitambo ya ndani, hata kama kihisio, sehemu inayosoma mwanga, kinahesabu nukta zote hizo.

1. Canon LiDE 300, kwa mwenye picha za karatasi

Kama mezani kwako kuna karatasi tupu, au negativu ni chache za kuhesabika, nunua hii na usisumbuke. Ni nyembamba, ina uzito wa chini ya kilo mbili, na inapata umeme kupitia waya wa USB uleule unaoiunganisha na kompyuta. Maana yake umeme ukikatika katikati ya kazi, laptopu yenye chaji inaendelea kuiendesha. Ndugu anayetoka Muscat au London anaweza kukuletea ndani ya begi la nguo bila kulipia mzigo wa ziada. Marekani bei yake imekuwa chini ya dola 100. Ukiagiza mwenyewe, kumbuka kuongeza usafiri, ushuru na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya.

Kuna kaka yake, LiDE 400, mwenye dpi 4800 badala ya 2400. Kwa picha za karatasi hutaitumia tofauti hiyo. Chukua 300.

Udhaifu wake uujue mapema. Skana hizi nyembamba zina kihisio kinachokaa karibu kabisa na kioo, na kinaona vizuri kile tu kilicholala juu ya kioo. Picha iliyojikunja pembe, au iliyogandia kwenye ukurasa mnene wa albamu usioweza kulala sawasawa, itatoka na sehemu zenye ukungu. Picha iliyojikunja ilaze chini ya vitabu vizito siku chache kabla. Iliyogandia kwenye zile albamu za gundi na plastiki juu, usiing'oe kwa kucha. Pitisha uzi wa meno taratibu chini yake, na kama haitoki, iache, uiskani pamoja na ukurasa wake kwa skana ya namba mbili hapa chini, au uipige kwa kamera.

Na kama tayari una printa ile ya tatu kwa moja, inayochapa, kutoa kopi na kuskani, ijaribu kwanza kwa dpi 600 kwenye picha moja. Ikitoka safi, huna sababu ya kununua LiDE. Teknolojia ya ndani kwa kawaida ni ileile.

2. Epson Perfection V600, kwa mwenye mchanganyiko

Hii ndiyo ningemshauri mtu mwenye karatasi, negativu za 35 na bahati ya kuwa na zile negativu kubwa za mraba, sentimita 6 kwa 6, zilizotoka kwenye kamera za lenzi mbili kama Rolleiflex na Yashica-Mat. Kwa hizo kubwa, V600 inastahili sifa zote. Hata kwa dpi 1,500 halisi, fremu ya 6 kwa 6 inakupa pikseli karibu milioni 11. Unaweza kuchapa picha ya upana wa sentimita 28 ukaitundika ukutani. Mtoto wa mpiga picha wa zamani aliyerithi maboksi ya negativu za studio za ukubwa huo asitafute kitu kingine.

Kwa negativu za milimita 35 matokeo ni ya wastani: pikseli kama milioni 3, zinazotosha picha ya sentimita 13 kwa 18. Kwa albamu ya familia na kutumiana kwenye simu, hiyo inatosha. Kwa maonyesho au kitabu, haitoshi.

Kifuniko chake kina taa ya kupitisha mwanga kwenye filamu, na vishikilio vyake hubeba fremu 12 za negativu au slaidi 4 kwa mkupuo. Ndani yake kuna Digital ICE, mfumo unaotumia miale ya infraredi kutambua vumbi na mikwaruzo kisha kuvifuta. Kwenye negativu za rangi utauona umuhimu wake mara ya kwanza tu. Lakini uzime kabisa kwenye filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe: madini ya fedha yaliyomo kwenye filamu hiyo huzuia infraredi, na mashine huiona picha yenyewe kama uchafu. Kodachrome, filamu ya slaidi ya Kodak, nayo ina matatizo ya aina hiyo. Kwa nyeusi na nyeupe kinga yako ni pampu ndogo ya mpira ya kupulizia, brashi laini na subira.

Kihisio chake ni cha aina ya zamani, chenye lenzi, kwa hiyo kinaona hata kile kilichoinuka kidogo juu ya kioo. Zile kurasa za albamu zilizogandia huanza kusomeka. Programu yake pia ina sehemu ya kurudisha rangi, nzuri kwa picha za miaka ya 1970 na 1980 zilizogeuka nyekundu au zambarau baada ya rangi nyingine kupauka.

V600 ilitoka mwaka 2009 na imekuwa ngumu kuipata mpya kwenye maduka mengi. Iliyotumika ni sawa, mradi uikague. Ndugu yake V550 anafanya karibu kazi ileile, na CanoScan 9000F Mark II nayo ni chaguo zuri la mtumba. V600 ina uzito wa kilo 4 na zaidi. Haiingii kwenye begi la mkononi kirahisi.

3. Plustek OpticFilm 8100 au 8200i, kwa mwenye rundo la milimita 35

Skana hii haijui karatasi wala negativu kubwa. Inajua filamu ya 35 na slaidi basi. Lakini kwa hizo, inaiacha V600 mbali: unapata pikseli halisi karibu milioni 15 kwa fremu, na unaanza kuona maandishi ya kanga ya mtu aliyesimama nyuma kabisa harusini. Tofauti ya 8100 na 8200i ni moja tu ya kujali, kwamba 8200i ina infraredi ya kuondoa vumbi. Kama negativu zako ni za rangi na zimekaa pwani miaka thelathini, lipia hiyo. Kama ni nyeusi na nyeupe, 8100 inatosha.

Kazi yake ni ya mkono. Kishikilio kinabeba fremu 6 au slaidi 4, na unakisukuma mwenyewe fremu moja baada ya nyingine. Ukiweka ubora wa juu na infraredi, kila fremu inakula dakika kadhaa. Usiweke 7200, weka 3600, maana juu ya hapo ni faili kubwa lisilo na kitu kipya.

4. Kamera uliyonayo

Mwenye kamera ya kidijitali ya kubadilisha lenzi na lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ana skana tayari. Anahitaji taa bapa ya LED yenye CRI (kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa usahihi) ya 95 au zaidi, stendi imara, na kitu cha kunyoosha filamu. Matokeo yake yanaweza kuipita Plustek, na kasi yake hailinganishwi. Nimeiweka ya nne kwa sababu moja: kuanza kununua vyote hivyo kwa ajili ya albamu ya nyumbani ni gharama kubwa, na kugeuza negativu ya rangi iwe picha yenye ngozi za watu zinazofanana na ngozi zao kunataka kujifunza. Kwa mpiga picha wa harusi ni kazi ndogo.

5. Vile viboksi vyenye skrini

Kodak Slide N Scan na wenzake havihitaji kompyuta. Unapitisha slaidi, unaiona kwenye skrini, unabonyeza, inaingia kwenye kadi ya kumbukumbu. Jina la Kodak hapo limekodishwa na kampuni nyingine. Ndani kuna kamera ndogo ya pikseli milioni 14. Ile 22 inayotangazwa ni ya kukuzwa na programu. Hakuna infraredi, faili ni JPEG tu, na sehemu zenye mwanga mkali hupotea kirahisi. Kinafaa kwa mzee mwenye slaidi mia kadhaa anayetaka kuzitazama tena wiki hii na kuchagua zipi zipelekwe kwenye skana ya maana. Kwa kuhifadhi urithi wa ukoo, hapana.

Skana za fimbo za kupitisha kwa mkono juu ya picha usinunue kabisa. Zile za kumeza picha kama mashine ya fotokopi ziogope kwa picha za zamani: chembe moja ya mchanga inaacha mstari kwenye kila picha inayofuata.

Simu nayo ina nafasi yake. Ukienda kijijini kwa shangazi ambaye hawezi kuachia albamu yake itoke nyumbani, na ana haki, piga kwa programu kama PhotoScan ya Google, inayounganisha picha kadhaa ili kuondoa mng'ao wa taa. Ni bora nakala ya simu kuliko kutokuwa na nakala.

Ukinunua iliyotumika

Nenda na laptopu yako, na negativu moja usiyoijali. Hakikisha kwanza vishikilio vya filamu vipo na havijavunjika. Skana ya filamu bila vishikilio ni nusu ya skana. Kwenye V600, ondoa ule ubao mweupe wa kifuniko uone kama taa ya filamu inawaka, kisha skani kioo kitupu ukiwa kwenye hali ya filamu. Mistari mirefu ikitokea, kuna vumbi au kasoro ndani. Tazama kioo kwa pembeni kwenye mwanga: ukungu wa upande wa ndani haufutiki bila kufungua mashine. Uliza adapta ya umeme, ya asili.

Muuzaji akisema haikubali Windows mpya, bei ishuke, lakini usikimbie. Programu ya VueScan inaendesha maelfu ya skana ambazo watengenezaji wake wameziacha. Ni ya kulipia, kwa hiyo ijumlishe kwenye bei kabla ya kukubaliana.

Na ukizifungua bahasha za negativu ukakutana na harufu ya siki, hizo ndizo za kuskani kwanza, hata kama ni kwa skana ya kuazima. Filamu imeanza kuoza, na joto na unyevu wa pwani vinaiharakisha. Zitenge na nyingine leo leo.