Uzoefu wangu na zana za kutengenezea tovuti kwa watoto wa shule ya msingi, Kirumba

Muhula huu wote, kila Jumamosi, nimewafundisha wanafunzi kumi na wawili wa darasa la tano na la sita hapa Kirumba, Mwanza, kutengeneza kurasa za tovuti kwa kompyuta mpakato nne na bando la simu yangu. Ninaandika haya kwa ajili ya mwalimu au mzazi anayetafuta pa kuanzia.

Tulianza na huduma moja ya mtandaoni yenye violezo vya kupendeza na mpango wa bure, lakini niliiacha baada ya Jumamosi mbili. Ilichelewa mno kufunguka, na ukurasa wa mtoto ulipokamilika ulibeba tangazo la biashara ambalo haliondoki mpaka ulipie. Lililonisikitisha zaidi ni kwamba watoto walimaliza saa nzima wakichagua rangi na picha za watu wasiowajua, wakaishia kuandika sentensi mbili tu za kwao.

Google Sites, huduma ya Google ya kutengenezea tovuti, ilitufaa zaidi. Mtoto anabofya, anaandika, anaweka picha, na kila badiliko linajihifadhi lenyewe, jambo ambalo ni nafuu kubwa pale umeme unapokatika ghafla. Unaweza pia kuamua nani auone ukurasa, kwa hiyo hakuna sura ya mtoto iliyowekwa hadharani. Kikwazo ni akaunti: ile ya kawaida ya Google humtaka mwenye nayo awe ametimiza miaka 13, isipokuwa isimamiwe na mzazi au shule, na wanafunzi wangu wengi wana miaka 10 au 11. Kazi yote ilipitia akaunti yangu, nami nikawa ninaingiza nywila mwenyewe kila mara.

Nilichokipenda kuliko vyote ni Notepad, programu ndogo ya kuandikia maandishi ambayo tayari imo ndani ya Windows. Mtoto anajifunza alama chache za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, kama h1 ya kichwa cha habari na p ya aya, anahifadhi faili kwa jina linaloishia na .html, kisha anaifungua katika kivinjari bila intaneti wala akaunti. Si njia ya haraka, na kwa watoto wa chini ya darasa la nne nisingeishauri. Mabano yenye ncha, < na >, yanayozunguka kila alama, yaliwasumbua kuyapata kwenye kibodi. Picha nazo ziligoma kuonekana kila zilipoachwa katika folda nyingine. Na mara nyingi faili lilijihifadhi kama dagaa.html.txt, likafunguka kama maandishi matupu. Hata hivyo, kila kosa lilikuwa na sababu ambayo mtoto aliweza kuitafuta na kuiona mwenyewe.

Faili hilo la dagaa ni la binti ambaye familia yake huanika dagaa. Alipomsomea bibi yake ukurasa huo, bibi alimwambia kuwa amesahau kueleza kwa nini dagaa wa kwenye chanja hawana mchanga. Jumamosi iliyofuata alifika kabla yangu, na nilipowasha kompyuta alifungua faili lake bila kuniuliza, akaongeza aya hiyo.