Kozi ya udereva wa kujihami: mafunzo safi, ila yule mwalimu wa breki hapana

Nimekaa na hii hasira muda sasa, ngoja niitoe. Juzi kati nilienda kozi ya udereva wa kujihami, sio ile ya kutafutia leseni, hii ni ya sisi ambao tayari tuko barabarani kila siku. Zoezi la kwanza kufunga breki za ghafla, lami imemwagiwa maji, gari ina ABS, yaani ule mfumo wa breki unaozuia tairi zisigome kuzunguka. Dada mmoja mbele yangu kakanyaga, pedali ikaanza kumtetemeka mguuni na kunguruma, akashtuka akaachia. Ni kawaida kabisa, ukiwa hujawahi kuisikia unadhani kitu kimekatika. Mwalimu badala ya kumwelewesha akamfokea mbele ya watu wote, "wewe utaua mtu!", halafu eti apampu, akanyage aachie, akanyage aachie. Nikamuuliza kwa adabu, samahani mwalimu, kwenye ABS si unakandamiza mpaka chini unashikilia? Akanijibu "kama unajua, umefuata nini hapa?"

Jamani!! Kupampu ni kwa gari zisizo na ABS. Kwenye ABS mfumo wenyewe ndio unabana na kuachia, mara kadhaa ndani ya sekunde 1, mguu wa binadamu hauwezi, ili tairi zisigome kuzunguka na usukani uendelee kukusikia umkwepe mtu. Ule mtetemo ndio kazi yenyewe inafanyika. Ukipampu unaikatisha, gari inazidi kwenda. Yule dada kaondoka na hilo somo kichwani, na kalilipia.

Nilishataka kuwapa nyota moja nijiondokee zangu. Ila haki yao niwape, mchana tukahamishiwa kwa mama mmoja mtulivu sana, huyo ni mwalimu kwelikweli. Katufungisha breki tukiwa spidi 30, akaweka koni gari iliposimama, akasema haya rudieni na 60. Wengi tulijua itakuwa mara mbili, ikaenda kama mara nne! Kuliona kwa macho ni kitu kingine kabisa. Siku hizi sekunde 2 nyuma ya gari ya mbele nazihesabu kwa sauti, mvua ikinyesha naweka 4, anayetaka kuchomeka achomeke. Na kwenye kuteleza alikuwa anasema neno moja tu, "macho!", yaani usiikodolee nguzo unayoiogopa, angalia pale unapotaka gari iende, mikono itafuata. Inafanya kazi, nimejionea.

Kwa hiyo nendeni, inafaa. Au subirini kwanza, maana nilipolalamika ofisini nikaambiwa yule mwalimu "ana uzoefu wa miaka mingi", basi, faili likafungwa. Uzoefu gani wa kufundisha watu kitu cha kuwaua? Nilikuwa nimeweka nyota nne, nimetoa mbili, na hazirudi mpaka wamtafute yule dada wamrudishe kwenye ile lami akanyage mpaka chini.