Gemu za kufyatua risasi za miaka ya tisini: toleo lipi ununue, lipi uliache dukani

Faili la DOOM2.WAD lina megabaiti 14.6 tu. Ndani yake mna ramani zote 32 za Doom II, mashetani wote, milio yote na muziki wote. Hilo faili ndilo unalonunua. Msimbo wa programu inayolichezesha uliwekwa wazi na id Software yenyewe, watengenezaji wa gemu hiyo, Desemba 1997, na ule wa Quake ukafuata Desemba 1999. Tangu hapo mashabiki wameandika injini za bure, yaani programu mpya za kuyachezesha mafaili hayo, zinazokwenda kwenye Windows 11, Linux na Mac bila kulalamika.

Kwa hiyo ukiwa dukani usianze kuuliza picha zimeboreshwa kiasi gani. Uliza kwanza kama mafaili ya asili yamo. Yakiwamo, gemu ni yako kwa miaka mingine thelathini, injini zije na ziende. Orodha hii imepangwa kwa kigezo hicho, kisha bei, kisha usumbufu wa kuiwasha. Bei ni za kawaida za duka la Marekani kwa dola, na karibu zote hushuka sana nyakati za punguzo. Steam na GOG ni maduka ya mtandaoni ya gemu za kompyuta.

Kwanza, angalia laptopu yako

Gemu ni nyepesi lakini injini mpya si nyepesi zote, na hapa ndipo wenye laptopu za mtumba hukwama. Kwenye jina la prosesa ya Intel ya laptopu ya zamani, tazama tarakimu ya kwanza baada ya "i5-": i5-2520M ni kizazi cha pili, i5-3320M cha tatu, i5-4300U cha nne. Kizazi cha pili kina picha za Intel HD 3000, ambazo kwenye Windows huishia OpenGL 3.1 (OpenGL ni mfumo ambao gemu hutumia kuchora picha). GZDoom, injini maarufu kuliko zote za Doom, kwa mpangilio wake wa kawaida inataka 3.3, kwa hiyo itakutolea ujumbe wa kosa na kujifunga. Kizazi cha tatu kinafika 4.0: GZDoom inawaka, lakini Ironwail ya Quake inataka 4.3. Kuanzia cha nne hakuna shida. Mwenye mashine ya zamani asikate tamaa, injini za Crispy Doom na QuakeSpasm hazijali mambo hayo.

Nunua na kipanya cha waya, hata cha bei ya chini. Kwa pedi ya kugusa ya laptopu gemu hizi hazichezeki. Kwenye mipangilio ya kipanya ya Windows zima "Enhance pointer precision", la sivyo mkono ule ule utakugeuza nyuzi 40 mara hii na 90 mara ijayo.

1. DOOM + DOOM II (dola 9.99, Steam, GOG, PlayStation, Xbox, Switch)

Toleo la Agosti 2024 lililotengenezwa na Nightdive Studios ndilo la kwanza kununua, na halina mpinzani wa karibu. Ndani mna The Ultimate Doom, Doom II, TNT: Evilution, The Plutonia Experiment, Master Levels, No Rest for the Living, SIGIL, na sehemu mpya iitwayo Legacy of Rust. Mtandaoni mnacheza hadi watu 16, na kwenye skrini moja mnagawana wanne. Asiyetaka kuhangaika na mafaili abonyeze "Play", ameshamaliza.

Anayetaka injini nyingine afanye hivi. Kwenye Steam bofya gemu kwa kitufe cha kulia, chagua "Manage", kisha "Browse local files". Utaona folda ya base na ya rerelease. Ingia base, nakili DOOM.WAD, ndani ya doom2 nakili DOOM2.WAD. Yaweke kando ya programu ya injini, katika folda uliyoitengeneza mwenyewe. Usiiweke ndani ya Program Files: Windows huzuia programu kuandika mle, na utashangaa kwa nini gemu haikumbuki mipangilio yako wala ulipohifadhi.

Injini gani? Chocolate Doom inakupa Doom ya 1993 kama ilivyokuwa: pikseli 320 kwa 200, fremu 35 kwa sekunde, na makosa yake yote. Crispy Doom ni hiyo hiyo ikiwa imelainishwa. GZDoom ni ya mtu anayetaka kupachika ramani na silaha za mashabiki, na zipo maelfu.

Yanayoharibika ni yale yale kila mara:

Ukisukuma kipanya mbele, mtu wako anatembea. Si hitilafu, ndivyo Doom ya DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, ilivyokuwa. Zima mwendo wa wima wa kipanya kwenye programu ya mipangilio inayokuja na Chocolate Doom.

Uso wa askari pale chini umebonyea kama chapati. Picha ya 320 kwa 200 ilichorwa kwa ajili ya skrini za 4:3, ambako kila pikseli ilikuwa ndefu kwa asilimia 20 kuliko upana wake. Washa marekebisho ya uwiano wa picha.

Muziki unasikika kama kengele ya mlango. Hiyo ni MIDI ya Windows. Chagua OPL, usikie ngoma na gitaa kama zilivyotoka kwenye kadi za sauti za wakati ule.

Na kwenye GZDoom, zima kuruka na kuchuchumaa. Ramani za Doom zilijengwa kwa mtu asiyeweza kuruka, na ukingo unaofika kiunoni ulikuwa ukuta kamili. Ukiruhusu kuruka utapita juu ya mafumbo bila hata kujua kwamba yalikuwepo, kisha utasema gemu ni fupi.

2. Quake (dola 9.99, Steam, GOG, PlayStation, Xbox, Switch)

Toleo la Agosti 2021 lina gemu ya 1996, nyongeza zake mbili za 1997, na sehemu mbili za MachineGames: Dimension of the Past na Dimension of the Machine. Hiyo ya mwisho peke yake inatosha bei. Mafaili ya asili yamo: folda ya id1 ina PAK0.PAK na PAK1.PAK, jumla kama megabaiti 53.

Kosa linalowapata wengi ni ukimya. Muziki wa Quake, kazi ya Trent Reznor na Nine Inch Nails, haukuwa ndani ya mafaili ya gemu. Ulikuwa kwenye CD yenyewe kama nyimbo za kawaida, na diski ilipotoweka nao ukatoweka. Ukitumia QuakeSpasm, ndani ya id1 tengeneza folda iitwayo music, uweke humo track02.ogg hadi track11.ogg, unazozipata kwenye folda ya rerelease ya toleo hili. Namba zinaanzia 02 kwa sababu wimbo wa kwanza kwenye diski ndio uliokuwa gemu. Ironwail hulitafuta toleo la Steam yenyewe.

Kichefuchefu? Quake inayumbisha kichwa kila hatua na kukiinamisha kila unapokwenda ubavuni. Fungua konsoli (dirisha la kuandikia amri) kwa kitufe kilicho chini ya Esc, andika cl_bob 0, Enter, kisha cl_rollangle 0, kisha fov 100. Wengi hupona hapo hapo.

Katika gemu ya asili kiwango cha ugumu hakichaguliwi kwenye menyu, unatembea kukiingia. Kile kikali kabisa, Nightmare, kimefichwa: kwenye ukumbi wa sehemu ya nne kuna dimbwi la maji, na ukijiachia humo kinyumenyume, unatua juu ya boriti inayokupeleka kwenye njia ya siri. Kwa mara ya kwanza kaa Normal.

3. Half-Life (dola 9.99; Steam tu)

Imewahi kushuka hadi dola 0.99, basi hakuna sababu ya kulipa bei kamili. Iweke kwenye orodha ya matamanio usubiri. Valve waliiboresha Novemba 2023 ilipotimiza miaka 25: skrini pana imekaa sawa, maandishi ya menyu yanasomeka, na sehemu ya majaribio ya Uplink imeingizwa ndani. Injini yake ilitokana na ile ya Quake, na asili hiyo bado inaonekana: mwendo umefungamana na fremu, kwa hiyo usivuke fremu 100 kwa sekunde. Ukiinyoosha hadi 240 kwa sababu tu skrini yako inaweza, huenda lifti na treni zikakufanyia vituko.

Mod (nyongeza iliyotengenezwa na mashabiki) ya zamani ikikataa kuwaka, fungua "Properties", kisha "Betas", uchague steam_legacy. Hilo ni toleo la kabla ya maboresho.

Ukikutana na Half-Life: Source, pita. Ni gemu hii iliyohamishiwa injini ya 2004, na haikuhama vizuri. Nyongeza ya Opposing Force inauzwa peke yake na inastahili.

4. Blood: One Unit Whole Blood (Steam, GOG)

Gemu ya Monolith ya 1997, na kwa maoni yetu ndiyo bora kati ya zote zilizojengwa kwa injini ya Build ya Ken Silverman. Imekuwa ya nne kwa sababu moja tu: ukiinunua inakuja ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, na DOSBox humchosha mgeni. Dawa ni injini ya NBlood. Fungua zip yake, kisha kando yake weka BLOOD.RFF, SOUNDS.RFF, GUI.RFF, BLOOD.INI, SURFACE.DAT, VOXEL.DAT, na mafaili yote ya TILES kuanzia 000 hadi 017. Likikosekana moja la TILES gemu inaweza kuwaka, ila kuta zingine zitakuwa na mashimo ya rangi. Hesabu yawe kumi na nane.

Watu huiacha Blood wakiwa ramani ya pili. Wafuasi wenye majoho hufyatua mara tu wakikuona, na risasi zao hazikwepeki kama moto wa mashetani wa Doom. Kwa hiyo anza na "Pink on the Inside", kiwango cha pili kati ya vitano, na usiingie chumba kwa mguu kabla ya kuingiza baruti. Simama nyuma ya kona, bonyeza kitufe cha kufyatua. Kadiri unavyokishikilia ndivyo baruti inavyokwenda mbali. Mchezaji anayeipenda bunduki kuliko baruti atateseka hadi mwisho.

5. Star Wars: Dark Forces ya asili (dola 5.99, Steam, GOG)

Angalia jina vizuri. Kuna Remaster (toleo lililoboreshwa) ya 2024 iliyotoka kwa dola 29.99, na kuna gemu yenyewe ya 1995 kwa moja ya tano ya hiyo bei. Chukua ya 1995 na uipachike The Force Engine, ya bure, inayokupa skrini pana na kutazama kwa kipanya. Unaionyesha folda ya gemu mara moja, basi. Remaster si mbaya, na mwenye PlayStation hana njia nyingine, ila kwenye kompyuta subiri punguzo la zaidi ya nusu.

6. Quake II (dola 9.99)

Toleo la Agosti 2023 ni kazi safi sawa na la Quake, na lina ramani za Nintendo 64. Gemu yenyewe ndiyo imezeeka: korido nyingi za rangi ya kutu. Nunua ukishamaliza Quake na bado una njaa.

7. Duke Nukem 3D: 20th Anniversary World Tour (dola 19.99)

Gemu ya 1996 ni nzuri, bei ndiyo hainogi. Toleo hili lina sehemu ya tano isiyopatikana kwingine, na Jon St. John kamrekodia Duke sauti upya. Faili la DUKE3D.GRP limo, nalo ukiliweka kando ya injini ya EDuke32 sehemu nne za mwanzo zinakwenda laini. Lipa likifika dola tano.

Usivyohitaji kununua

Shadow Warrior Classic ya 1997 ni bure kwenye Steam. Freedoom ni faili huru linaloshika nafasi ya WAD za Doom, na linatosha kupima kama laptopu yako inamudu injini kabla hujatoa senti.

GoldenEye 007 ya 1997 ilirudi Januari 2023, lakini kwenye Switch unaikodi kwa usajili wa Expansion Pack, na usajili ukiisha nayo imeondoka. Vidhibiti vyake ni vya Nintendo 64. Inabidi ubadilishe nafasi za vijiti kwenye mipangilio ya Switch yenyewe. Kucheza mtandaoni kupo Switch tu, Xbox hakuna.

CD za zamani ni mbuzi kwenye gunia. Programu nyingi za kusakinisha za miaka ile ni za biti 16, na Windows ya biti 64 haiziwashi kabisa. Diski zenye ulinzi wa SafeDisc zilikataliwa tangu Windows 10. Ukipewa bure, pokea, uchomoe WAD, PAK au GRP. Vinginevyo hela yako ikae.

Kulipa na kurudisha

GOG hukupa faili la kusakinisha unaloweza kuliweka kwenye flashi na kulitumia bila intaneti. Mwenye bando la kupimia achague huko panapowezekana. Steam huhitaji kuingia mtandaoni walau mara ya kwanza. Kadi ya Visa inafaa. Kwa Kenya, M-Pesa GlobalPay inatosha, ila namba ya usalama ya kadi hiyo hubadilika, hivyo iombe upya dakika ile ile unayolipa. Steam hurudisha fedha ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa mbili, GOG ndani ya siku 30. Saa mbili hizo huhesabiwa hata ukiwa kwenye menyu, kwa hiyo jaribu injini, sauti na kipanya siku ile ile, na usiiache gemu ikiwa wazi ukaenda kula.