Sailensa ya mdomo wa milimita 51 kwenye Boxer BM150: uzoefu wangu

Kopo lenyewe la sailensa hii ni zuri kwa bei yake. Vilivyofungwa nalo kwenye boksi ndivyo vya ovyo: mkanda wa kushikilia, adapta na springi. Ukiinunua hesabu kwamba umenunua kopo tu, na utenge karibu nusu ya bei hiyo tena kwa ajili ya shingo (bomba la mbele linalounganisha injini na sailensa), gasketi, bolti na fundi wa kuchomelea. Ndivyo ilivyonitoka mimi.

Ninazungumzia zile sailensa fupi zisizo na kiwanda kinachoeleweka, zilizobandikwa nembo ya kuiga, ambazo muuzaji anakuambia zinaingia pikipiki zote. Maana yake halisi ni kwamba hazikupimwa kwa pikipiki yoyote. Yangu ina urefu wa milimita 380 na mdomo wa kuingilia wa milimita 51, na ndani ina bomba la matundu lililozungushiwa nyuzi za kioo. Mwishoni kuna kizibo cha sauti, kile kibomba kidogo kinachoshikiliwa na bolti moja ya alen-kii. Ile "kaboni" ya nje ni stika, na sehemu iliyo karibu na mdomo wa kuingilia ilianza kufanya malengelenge kwa joto mapema sana. Chuma chake hakivutwi na sumaku, lakini usidhani hiyo ni hati ya ubora. Sumaku itakukamatia chuma cha kawaida kilichopigwa kromu tu. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 201, lile la bei nafuu, nacho hakivutwi, ila kwenye upepo wa chumvi wa pwani kinatoa madoa ya kutu haraka kuliko cha daraja la 304.

Tatizo la kwanza utalikuta kwenye kipimo. Boxer ni silinda moja ya cc 144.8, na bomba linalotoka kwenye injini ni jembamba. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zina bomba la kati ya milimita 25 na 32 kwa nje. Adapta iliyokuja na sailensa inashusha kutoka 51 hadi 38, basi. Hapo katikati kuna pengo ambalo mafundi wengi wanaliziba kwa kuchomelea kipande bapa chenye tundu, kama washa kubwa. Usikubali. Tengenezesha koni ya urefu wa milimita 80 hadi 100 inayopanuka polepole. Moshi unapotoka kwenye bomba jembamba na kuangukia ghafla kwenye uwazi mpana, mwendo wake unavunjika, na Boxer inakuwa nzito kwenye mwendo mdogo, pale pale unapoihitaji ukiwa na abiria na mzigo kwenye mlima.

Kwa sababu hiyo hiyo sikupanua bomba la mbele. Kuna imani ya vijiweni kwamba injini "inahitaji kuzibwa kidogo" ili iwe na nguvu. Inachohitaji ni moshi uende kwa kasi, kwa sababu moshi unaokwenda kasi unavuta nyuma yake mabaki yaliyobaki kwenye silinda. Bomba pana kwenye injini ndogo linapunguza kasi hiyo, na nguvu ya chini inapotea. Bajaj wenyewe, watengenezaji wa Boxer, wanalijua hili: kwenye baadhi ya modeli zao, Pulsar na Discover zikiwemo, waliweka kichupa kilichozibwa upande mmoja ubavuni mwa bomba, wakakiita ExhausTEC, kazi yake ikiwa kuongeza nguvu ya mizunguko ya chini na ya kati. Ukiwa na pikipiki yenye hicho kichupa, usikikate kwa sababu tu kinaonekana kama uvimbe.

Ekzosi ya kiwandani ya Boxer ni kipande kimoja, bomba na sailensa vimeungwa. Usikate ya kwako. Tafuta kwa wauza spea za mtumba ekzosi ya modeli ile ile ambayo kopo lake limeoza lakini bomba la mbele ni zima, ukate hiyo. Ya kwako ipake mafuta ndani, ziba kwa tambara, ihifadhi. Siku trafiki atakapokusumbua au siku ya kuuza, utairudisha kwa nusu saa. Ukishakata, angalia kama kuna bomba ndani ya bomba. Pikipiki nyingi za kazi zimetengenezwa hivyo: la nje ni la sura, la ndani ndilo linalopitisha moshi. Fundi akichomelea la nje peke yake, la ndani litabaki linacheza, na utasikia mlio wa kopo lenye kokoto kila ukiwa kwenye sailensi, yaani injini ikiunguruma bila kupewa mafuta. Yote mawili yashikane kwanza, ndipo koni ifuate.

Kufungua ndiko kunakoharibu pikipiki za watu. Shingo imebanwa kwenye silinda hedi kwa nati mbili zilizo juu ya stadi (bolti zisizo na kichwa), na stadi hizo zimekaa kwenye aluminiamu laini. Kutu ikishashika, ukilazimisha unavunja stadi. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi, na fungua injini ikiwa ya baridi. Tumia boksi spana ya pembe sita, kwa sababu ile ya pembe kumi na mbili inakula nati iliyooza. Ikikataa, izungushe kidogo upande wa kukaza kwanza, kisha ndiyo urudi upande wa kufungua. Stadi ikitoka pamoja na nati si hasara, mradi uzi wa kwenye hedi ni mzima. Ikikatika na kubaki kidogo nje, kaza nati mbili juu yake zibanane, kisha fungua kwa nati ya chini. Ikikatika usawa wa hedi, acha kujaribu na dirili ya mkononi. Mpelekee fundi wa mashine.

Gasketi ya shingo, ile pete laini, inabonyea mara moja tu. Ya zamani itoe yote. Wakati mwingine imeganda ndani hadi mtu anadhani ni sehemu ya hedi, kisha anaweka mpya juu yake na shingo haikai. Usipake silikoni hapo. Ile gundi nyekundu inahimili takribani nyuzi 300, na karibu na vali ya kutolea moshi joto linapita hapo. Silikoni ni ya kiungo cha nyuma tu, pale sailensa inapovaa kwenye koni, na iachwe ikauke siku nzima kabla ya kuwasha.

Kuhusu kuchomelea: pikipiki isiwepo kabisa. Funga kila kitu kwa kulegeza, weka alama kwa chaki, kisha bomba litolewe, fundi alishike kwa madoa matatu na kulimalizia mezani. Umeme wa kuchomelea ukipita kwenye fremu unatafuta njia yake kupitia beringi na CDI, kile kisanduku kinachoongoza cheche ya pluagi. Ukuta wa bomba ni mwembamba, kwa hiyo fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5 inatoboa. Ya milimita 2.0 kwa umeme mdogo inafaa zaidi. Kama koni ni ya chuma cha kawaida na shingo ya sailensa ni ya chuma kisichoshika kutu, dai fimbo ya 309, ile ya kuunganisha vyuma hivyo viwili. Fimbo ya kawaida itashika leo, halafu mshono utapasuka pembeni na kutoa kutu.

Kufunga kuna mpangilio wake, na hapa ndipo watu wanapopasua mkanda baada ya wiki mbili kisha wanailaumu sailensa. Ingiza gasketi, shingo na sailensa, weka nati zote kwa mkono tu. Tikisa hadi kila kitu kikae kwenye nafasi yake bila kulazimishwa. Kaza nati za kwenye hedi kwanza, moja nusu mzunguko, nyingine nusu mzunguko, ili shingo ishuke sawasawa. Uzi wa M6 (wa milimita 6) ukazwe kama Nm 10 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), M8 kama Nm 20. Usipokuwa na spana ya kipimo, tumia spana fupi na mkono mmoja, bila bomba la kurefusha. Mkanda wa nyuma ndio wa mwisho. Tundu la mkanda lisipokutana na tundu la fremu, usivute sailensa ili ifike. Rekebisha mkanda. Ukivuta, bomba zima linakaa na mkazo, na mtikisiko wa silinda moja unamalizia kazi.

Mkanda uliokuja na sailensa ni wa bati la milimita 1.5. Niliutupa, nikatengenezesha wa milimita 3, wenye mpira katikati na bolti ya milimita 8 pale kwenye futiresti ya abiria. Bila mpira, mtikisiko wote unaishia kwenye mshono. Springi nazo nilizivisha kipande cha mpira wa silikoni ili zisipige kelele, na nikapitisha waya mwembamba wa usalama, maana springi ikikatika barabarani sailensa itaning'inia kwenye mkanda peke yake.

Kabla ya kuwasha, kagua nafasi. Watu wawili wakae juu, shokapu zibonyee hadi mwisho, uone kama kuna angalau milimita 15 kati ya sailensa na mkono wa tairi la nyuma. Kanyaga breki uone pedali na fimbo yake havigusi bomba. Nyaya za indiketa zisogezwe mbali. Angalia stendi kubwa: kwenye pikipiki nyingi, mpira unaoizuia isipande sana unaegemea ekzosi ya kiwandani. Ukiondoa ekzosi umeondoa kizuizi, na stendi itapanda hadi kugonga mnyororo. Na kava la joto usiliache. Ekzosi iko kulia, na sailensa fupi imesogea mbele kuliko ya zamani, kwa hiyo kigimbi cha abiria ndicho kinachoungua.

Futa alama zote za vidole kwa thina kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Chuma kikishapata joto, zinabaki humo. Moshi mwepesi wa dakika kumi za mwanzo ni mafuta ya kiwandani yanayoungua.

Sasa sauti na nguvu. Kizibo kikiwa ndani, sauti ni nzito kuliko ya zamani lakini bado unaongea na abiria. Kikiwa nje, ni kero tupu, na hakuna mwendo ulioongezeka niliouona. Kuna kinachoongezeka, nacho ni hewa kuzidi petroli: pluagi inakuwa nyeupe, bomba la mbele linageuka bluu, na ukiachia mkono wa mafuta kwenye mteremko ekzosi inapiga risasi. Nilikirudisha kizibo. Bolti yake hulegea, na gundi ya kushikia uzi wa bolti haisaidii kwenye joto lile, kwa hiyo iwekee washa ya springi.

Ila risasi hizo zisikufanye ukimbilie kabureta. Kwanza tafuta uvujaji. Injini ikiwa bado ya baridi na iko kwenye sailensi, ziba mdomo wa sailensa kwa tambara nene kwa sekunde chache. Ukisikia "tsss" kwenye hedi au kwenye kiungo, hewa inaingia hapo ukiachia mkono wa mafuta, na petroli iliyobaki inaungua ndani ya bomba. Hakuna jeti (kile kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta) itakayoponya hilo.

Kiungo kikiwa kizima na bado inapiga, gusa skrubu ya sailensi. Hesabu kwanza mizunguko iliyopo kwa kuikaza taratibu hadi mwisho, uandike, kisha uirudishe. Skrubu ikiwa upande wa injini, inapima petroli: kuifungua ni kuongeza. Ikiwa upande wa hewa safi, inapima hewa: kuifungua ni kupunguza petroli. Wengi wanachanganya hapa na kuharibu zaidi. Kwangu, kizibo kikiwa ndani, robo mzunguko ilitosha na jeti kubwa sikuigusa. Anayetoa kizibo atahitaji jeti ya hatua moja au mbili juu. Inunuliwe, isichokonolewe kwa waya. Jeti iliyochokonolewa haina namba tena, na hutajua uko wapi. Pima kwa pluagi: endesha kilomita kama tano kwa mwendo wa kawaida, vuta klachi, zima injini hapo hapo, fungua pluagi. Rangi ya kahawa ya maziwa ni sawa, nyeupe kavu ongeza, nyeusi ya masizi punguza.

Mapungufu mawili ya kiwandani ya kurekebisha mwenyewe. Kopo halina tundu la kutolea maji, na mdomo wake unatazama juu kidogo. Safari fupi fupi na mvua za masika zinajaza maji ndani, nyuzi zinalowa na chuma kinaoza kuanzia chini. Toboa tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa. La pili ni ripiti za aluminiamu, ambazo zinalegea. Siku ya kubadilisha nyuzi zitoe kwa dirili ya milimita 5 na uweke za chuma.

Nyuzi zikiisha utajua: sauti inakuwa kali hata kizibo kikiwemo, na kopo linaunguza kwa nje kuliko zamani. Nunua nyuzi za kioo za sailensa, si zile za dari, ambazo gundi yake inaungua na kutoa moshi unaonuka. Safu ya kwanza juu ya bomba la matundu iwe sufi ya chuma, kisha nyuzi zizungushwe zikaze bila kushindiliwa. Vaa glavu na barakoa.

Kaza nati zote tena baada ya kilomita 100, injini ikiwa ya baridi, kwa sababu gasketi mpya hukaa chini kidogo. Zangu za kwenye hedi zilikubali karibu robo mzunguko.