Elephanta, Mumbai: nenda, ila si Jumatatu

Nilikuwa Mumbai nimempeleka mamangu kutibiwa, siku moja hana vipimo dadangu akaniambia toka nawe ukapunge upepo, nikateremka asubuhi na mapema mpaka Gateway of India, lile lango la ufukweni zinakoondokea boti za Elephanta, kisiwa chenye mapango ya kale ya kuchongwa, kumbe Jumatatu mapango yamefungwa na hakuna aliyeniambia. Nikarudi kesho yake.

Boti ni kama saa nzima, pole pole tu, mnapita katikati ya meli za mizigo. Ukishuka kuna katreni kadogo kanakupeleka mpaka chini ya ngazi, halafu hapo ndipo utajua umri wako, ngazi kama 120 na wauza shanga huku na huku wanakuita bila kuchoka. Magoti yakikataa kuna jamaa wanabeba watu kwenye kiti mabegani. Tiketi ya mgeni rupia 600, Mhindi 40. Iliniuma, sisemi uongo.

Sasa pango kubwa. Ukitoka juani huoni kitu, halafu nguzo zinaanza kujitokeza moja moja, nene hizo, mimi nikadhani watu wamejenga. Wapi! Hakuna jiwe lililopandishwa juu ya jingine, ni mlima wenyewe umechongwa kuingia ndani, karne ya 6 huko, yaani fundi akikosea pua hana pa kuibandikia nyingine. Nyuma kabisa ipo sanamu ya Shiva, mungu wa Wahindu, wa nyuso tatu, kimo kama mita 6, uso wa kushoto kwako umekasirika una masharubu, wa kulia laini kama wa mwanamke ameshika ua, wa katikati ametulia kimya, mdomo wa chini umejaa. Nilikaa chini nikamtazama mpaka mlinzi akanitazama mimi.

Sanamu nyingi lakini hazina miguu wala mikono, lawama wanapewa Wareno, hao hao wa Fort Jesus yetu. Jina Elephanta pia ni lao, walikuta tembo wa jiwe kisiwani, wenyeji wao wanasema Gharapuri. Mapango mengine pita tu, mengine hayakumalizwa.

Maji beba, ila chakula kifiche, kima mmoja alininyang'anya chupa ya juisi akaifungua kunishinda mimi.

Jioni nikamwonyesha mama picha wodini, kazitazama zote, kaniuliza, "Na huyo tembo mwenyewe yuko wapi?" Ikabidi nimwambie alishahamishwa, yuko Byculla, humu humu Mumbai, kwenye bustani ya wanyama.